Vita inayokatwa kwenye muvi ndo vita yenyewe

Ukipita Chikongola au Magomeni hapa Mtwara jioni utaona yale mabanda ya video tuliyokulia mengi yamegeuka sehemu za kuangalia mpira wa Ulaya au stoo za magunia, na dogo ambaye zamani angetoa hela yake akaingia kukaa kwenye benchi sasa yuko juu ya pikipiki anasubiri abiria huku kashika simu, anaangalia muvi ya vita ya saa mbili na nusu kwa dakika kumi, kuna jamaa anaisimulia mbio mbio kama anadaiwa, mwanajeshi anafika, anawamaliza wote, imeisha, inakuja nyingine. Upande wa pili kwenye magrupu ya wazazi kuna hoja inazunguka na kila wiki inarudi na sura mpya, kwamba muvi za vita ndo zinazoharibu vijana wa kusini, na sisi tumepakana na Msumbiji kule kwenye moto kwa hiyo tungekuwa wa kwanza kuzifungia. Mi muvi za vita nimeanza kuziangalia sijaota ndevu na naona pande zote mbili zimekosea palepale. Vijana wetu vita hawajawahi kuonyeshwa, wameonyeshwa risasi. Vita yenyewe, ile ya kusubiri, ya njaa, ya mzigo kichwani, ya masikio kuziba baada ya bomu, hiyo ilianza kukatwa zamani sana na hivi vipande vya dakika kumi vimekuja kumalizia tu kazi.

Aliyekulia huku miaka ya tisini anaijua kibanda umiza. Makuti au turubai, mabenchi ya mnazi yanayochoma makalio, TV moja ya chogo, deki imefunikwa kitambaa, jenereta nje linanguruma, na mlangoni ubao wa chaki umeandikwa muvi za leo. Wateja tulikuwa na imani tatu: Rambo, Komando na Chuck Norris. Sheria ilikuwa moja, stelingi hafi, hata akipigwa risasi ya bega hakuna anayeshtuka maana wote tunajua atang'ata kitambaa, atajifunga mwenyewe, atarudi. Sasa angalia kitu hiki ambacho mi nilikigundua ukubwani. Rambo ya kwanza kabisa, First Blood ya 1982, anakufa mtu mmoja tu, yule polisi anayedondoka kutoka kwenye helikopta, na mwishoni Rambo mwenyewe anakaa chini analia kama mtoto mbele ya kamanda wake, anasimulia habari za rafiki yake aliyelipuliwa kule Vietnam na boksi la kung'arishia viatu. Ni muvi ya mwanajeshi aliyerudi nyumbani hana anayemtaka. Pale kwetu ile ilikuwa inaitwa "iliyopoa". Ya pili ya 1985 na ya tatu ya 1988 ndo zilijaza mabenchi, na Hollywood nao walipiga hesabu hiyohiyo, wakatoa machozi wakaweka mishale inayolipuka. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba kukata kumeletwa na simu, wenye muvi wenyewe walianza, na sisi wateja tulikuwa tunashangilia.

Hoja ya wazazi siidharau, na ni lazima niiweke ilivyo na nguvu zake. Oktoba 2017 vita ilianza Mocímboa da Praia, hapo ng'ambo tu. Oktoba 2020 ikavuka mto, kijiji cha Kitaya hapa hapa mkoani kwetu kikavamiwa, watu wakauawa, nyumba zikachomwa. Machi 2021 mji wa Palma, kulekule Msumbiji, ukavamiwa na watu wakakimbia kwa miguu na kwa mashua. Mzazi aliyesikia hayo kwa redio na kwa majirani, halafu anamuona mwanae wa miaka kumi na tatu kalala kifudifudi kwenye mkeka anachekelea watu wanavyoanguka kwenye skrini, akiogopa ana haki. Hofu yake ni ya kweli. Ila sababu anayoitoa ndo haisimami. Mwaka 1905 Wamatumbi pale Nandete walipong'oa pamba ya Mjerumani na Maji Maji ikaanza, hakuna aliyekuwa ameona hata picha inayotembea. Mwaka 1964 vijana wa Kimakonde walioingia Frelimo, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, wakaja kufundishwa kijeshi hadi Nachingwea, hawakuwa wamemuona Rambo, Rambo mwenyewe hajatungwa. Kilichowasukuma ni mauaji ya Mueda, kule Msumbiji, tarehe 16 Juni 1960, Wareno walipofyatulia risasi watu waliokuja kuongea. Watu wanaingia vitani kwa ardhi, kwa dhuluma, kwa njaa, kwa maneno ya mtu waliyemwamini, wakati mwingine kwa kulazimishwa na mtutu. Na kizazi chetu tuliotazama Komando mpaka kanda ikakwaruza ndo hawahawa leo wanaolalamikia foleni ghalani na malipo ya korosho. Hatujateka kitu.

Kuna hoja nyingine ambayo ni kali zaidi na wazazi hawaitumii, wanaitumia wapenda sinema wenyewe. Inasema hakuna muvi inayoweza kuipinga vita, kwa sababu kamera ikishaweka vita kwenye skrini inaipendezesha tu, moto unang'aa, muziki unapanda, hata kama mwongozaji alitaka kulaani. Ushahidi upo na unaniuma maana muvi yenyewe naipenda. Apocalypse Now ya 1979 ile sehemu ya helikopta zinazokuja kutoka baharini na muziki wa Wagner zinashambulia kijiji cha Vietnam, mtu aliyeitengeneza alikuwa anaonyesha wazimu, lakini sisi bandani tulipiga makofi. Na sio sisi washamba wa kusini tu, Jarhead ya 2005 inawaonyesha wanajeshi wa Marekani wanaosubiri kupelekwa Ghuba wameonyeshwa sehemu hiyohiyo, nao wanaimba na kushangilia. Nusu ya hoja hii naikubali basi. Muvi nyingi zinazosema zinapinga vita zinaiuza kwa mlango wa uani.

Nusu ya pili siikubali kwa sababu ya muvi moja, na hii kwangu ndo ya kwanza, sina haja ya kufikiria mara mbili. Ni ya Warusi, ya 1985, ya Elem Klimov, jina lake ukiliweka kwa lugha yetu ni Njoo Uone. Iko Belarus mwaka 1943, dogo anaitwa Flyora anachimba mchangani anatafuta bunduki maana bila bunduki yako mwenyewe wapiganaji wa msituni hawakuchukui, anaipata, anafurahi, mama yake anamlilia asiende, anaenda. Wakamuacha kambini. Bomu linaanguka karibu, na kuanzia hapo sauti ya muvi inaziba, inakuwa ni mluzi tu ndani ya kichwa chako, sauti za watu zinatoka mbali kama wako chini ya maji, na inakaa hivyo muda mrefu mpaka unataka kuipiga spika kofi. Halafu anarudi nyumbani na msichana waliyekutana huko porini. Nyumba iko kimya. Supu bado ya moto, wanakaa wanakula, nzi wengi mno, midoli ya wadogo zake imepangwa sakafuni. Yule dogo anasema watakuwa wamekimbilia kisiwani, anatoka mbio, msichana anamfuata nyuma, na wakati anakimbia anageuza shingo. Nyuma ya nyumba, ukutani, kuna watu wamelundikwa. Unawaona sekunde mbili tatu tu halafu kamera imepita. Dogo hajaona. Anaendelea kukimbia kwa furaha na yule msichana anakimbia nyuma yake na kile alichokiona.

Hiyo sehemu nimeitafuta kwenye kipande cha dakika kumi. Msimuliaji anasema, kijana anarudi nyumbani anakuta familia yake imeuawa. Basi. Na ni uongo, hakukuta, hiyo ndo shida yenyewe, hakukuta chochote zaidi ya supu na nzi. Kipande kimekupa habari kikakunyima tukio, maana kwenye tukio ulikuwa unajua kitu ambacho yule dogo hakijui na unakula naye supu. Siku moja niliwawekea washkaji wawili hii muvi kwenye laptop kwenye meza ya fundi simu, nusu saa ya kwanza wanapiga kelele nataka kulala, stelingi yuko wapi, mbona hakuna mapigano, na ilipofika wale Wajerumani wanawajaza wanakijiji kwenye jengo la mbao hakuna aliyesema kitu tena. Mmoja akawa anaangalia pembeni kwenye betri za simu. Mwishoni yanakuja maandishi kwamba vijiji 628 vya Belarus vilichomwa pamoja na watu wake wote. Hakuna aliyepiga makofi. Kwa hiyo inawezekana, ni suala la mwongozaji kukubali kumnyima mteja raha aliyoizoea, na wengi hawana ubavu huo kwa sababu tiketi lazima ziuzwe.

Hapa niwaseme kidogo watafsiri wetu, hawa madijei wa muvi, maana na wao wanalaumiwa kila siku na watu waliosoma. Mi nawatetea. Bila wao mama yangu asingejua Vietnam iko upande gani, wao ndo waliochukua Kiingereza cha mapua wakakirudisha mtaani, wakampa jenerali wa Kimarekani matusi ya stendi, wakaweka utani wa Yanga na Simba kwenye handaki, na ukisikiliza vizuri wengine wanachambua kabisa, wanakwambia huyu kamanda anawatoa kafara vijana wa watu. Ni ufundi na haukufundishwa darasani. Kasoro yao ni moja, hawawezi kunyamaza. Mtafsiri analipwa aongee, ikija dakika ya kimya anaona kama anaiba hela, anajaza. Sasa ile sehemu masikio ya Flyora yameziba ukiijaza maneno umeiua. Lakini mtafsiri angalau anakuachia saa zako mbili, yule dogo anakula supu, unamuona anavyotafuna. Huyu wa dakika kumi amechukua mkasi.

Nyingine zangu nazipitia haraka. The Battle of Algiers ya 1966 ya Pontecorvo, nyeusi na nyeupe, waigizaji karibu wote watu wa mtaani, na Saadi Yacef aliyekuwa kiongozi wa kweli wa wapigania uhuru pale Algiers ameigiza mtu anayefanana na yeye mwenyewe. Kinachonifunga pale ni wale wanawake watatu wanaokwenda kuweka mabomu sehemu wanazokaa Wafaransa, muvi iko upande wao kabisa, ila kabla bomu halijalipuka kamera inatembea kwenye nyuso za wateja, mtoto analamba koni. Hiyo ni haki ambayo waongozaji wengi hawana. Ifananishe na Black Hawk Down ya 2001, imetengenezwa vizuri mno, vumbi lake unalihisi kooni, wanajeshi 18 wa Marekani waliokufa Mogadishu Oktoba 1993 wanapewa heshima zote, na Wasomali waliokufa kwa mamia hawana jina, wanakimbia na kuanguka tu kama kuku. Mi niliishangilia ile muvi nikiwa kijana, nikiwashangilia Wamarekani, na ilinichukua miaka kujiuliza hivi ingetokea hapa sokoni kwetu mimi ningekuwa nani kwenye ile muvi. Ningekuwa kwenye lile kundi linaloanguka. Saving Private Ryan naipenda kwa zile dakika zaidi ya ishirini za mwanzo pale ufukweni, baada ya hapo inarudi kuwa muvi ya kawaida ya stelingi, nzuri lakini ya kawaida.

Halafu kuna 1917, na hapa ndo nilipotaka kufika tangu mwanzo. Ni ya 2019, ya Sam Mendes, imepigwa kama vile kamera haijazimwa hata mara moja, vijana wawili wa Kiingereza kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia wanapeleka ujumbe wa kuzuia shambulio ili watu 1,600 wasiende kufia mtegoni. Karibu yote ni kutembea. Matope, waya, panya, maiti za farasi, kutembea tena. Vijana huku wameiponda kwamba inachosha, mi nadhani ndo iliyokaribia ukweli kuliko nyingi. Lakini kila nikiiangalia nawaza mwaka ule ule wa 1917 hapa kwetu. Kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba, pale Mahiwa na Nyangao, unapopita na basi kutoka Lindi kwenda Masasi na usingizi wako, kulipiganwa pigano kubwa kuliko mengi ya vita ile katika Afrika. Upande wa Uingereza walipoteza watu zaidi ya 2,000 kwa kuuawa na kujeruhiwa, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akashinda na ushindi wenyewe ukammaliza, hana risasi tena za kutosha, hana watu, ikabidi arudi nyuma mpaka akauvuka Ruvuma pale Ngomano tarehe 25 Novemba. Waliopigana wengi walikuwa weusi pande zote mbili, askari wa Mjerumani huku, Wanigeria na King's African Rifles, askari Waafrika wa Mwingereza, kule, na nyuma yao, kwenye njia zote hizi za Lindi, wapagazi.

Wapagazi ndo vita yenyewe. Gari halipiti, punda anakufa na mbung'o, kwa hiyo kila sanduku la risasi na kila gunia la unga vilienda kichwani mwa mtu, na huyo mtu naye anakula njiani, kwa hiyo anahitajika mwingine wa kumbebea chakula yeye. Walikamatwa vijijini wakafungwa kamba wasitoroke. Hesabu za Waingereza wenyewe zinafika kama 95,000 waliokufa upande wao tu, wengi kwa kuhara na homa na njaa, sio kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam jina lake ni Carrier Corps lililopita kwenye ulimi wetu, watu wananunua viatu pale kila siku juu ya jina hilo. Na muvi yao hakuna. Zilizogusa vita ya Mjerumani huku kwetu, kama Shout at the Devil ya 1976 inayohusu ile meli ya kivita kwenye mdomo wa Rufiji, zinatuwekea wazungu wawili mbele na sisi ni miti ya nyuma.

Nikisema hivi naambiwa vitu viwili. Kwanza kwamba muvi ya wapagazi nani ataiangalia, haina stelingi. Kweli haina, na Njoo Uone nayo haina, na hawa washkaji wangu waliokuwa wanapiga kelele waliimaliza. Pili kwamba hela hatuna, vita inataka vifaru na milipuko. Hii ndo hoja dhaifu kuliko zote na inasemwa na watu wanaojua sinema, ndo inavyonishangaza. Vuka Ruvuma tu. Mwaka 1979 Ruy Guerra alipiga pale Mueda muvi ndefu ya kwanza ya Msumbiji huru, nyeusi na nyeupe, na hakutengeneza seti yoyote. Watu wa Mueda walikuwa tayari na mchezo wao wa kuyaigiza yale mauaji ya 1960, wanaucheza wenyewe mahali palepale, yeye akaweka kamera. Wamakonde wanaigiza Wareno, wanatembea kwa madaha, watazamaji wanacheka mpaka wanashikana mabega, kisha anakuja mzee aliyekuwepo siku ile anasimulia, na ule mcheko ulioucheka sasa hivi unakukaa kooni. Hakuna kifaru hata kimoja. Ndugu za hao watu wako Newala, Tandahimba, Kitaya, wanasikilizana lugha, na kwenye meza zote za kujaziwa flashi nilizopita Mtwara na Lindi sijawahi kuikuta hiyo muvi, ila Rambo zote zipo, mpaka ya juzi.

Kwa hiyo anayesema tuzifungie muvi za vita atakachofanikiwa ni kuwaachia vijana vile vipande peke yake, maana simu hawezi kuifungia, na kipande ndo chenye risasi tupu. Mi ningependa kinyume, muvi nzima, usiku, kwenye uwanja wa shule au kwenye hayo mabanda yaliyobaki, pamoja na hizo za kuchosha, na mtafsiri akae pembeni aambiwe hapa na hapa usiongee. Na kama kuna mtu ana kamera Lindi mjini asisubiri mfadhili, mzigo, njia na mvua vyote vipo Mahiwa, na watu wa kuubeba wapo.

Mwezi uliopita nilipanda boda kwenda shamba, tukapita Naliendele kwenye makaburi ya mashujaa, wale wanajeshi wetu wa JWTZ waliofia Msumbiji miaka ya themanini. Dogo kavaa spika moja sikioni, anapita pale kila siku. Akapunguza mwendo akaniuliza, brother, hivi hawa walikufa vita gani? Nikaanza kumweleza, waasi wa Renamo kule Msumbiji, 1986, 1987, nikaona natumia maneno mengi na yeye anaitikia tu. Akauliza, kuna muvi yake? Nikamwambia hakuna. Hata kipande? Hata kipande. Akatikisa kichwa, akarudisha spika sikioni, tukaendelea.